Kopo la Magadi la Mama Saitoti

Namnyaki mwanangu,

Salamu sitaandika, maana bado tuko nyumba moja na sanduku lako limenizibia njia ya kwenda jikoni. Umekwenda Levolosi kuwaaga wenzako, umesema utarudi kabla ya chakula cha jioni, na mimi nimekaa mezani na kalamu kwa sababu kwa mdomo sitaweza. Kwa mdomo ningeanza na hasira, wewe ungesema, "Basi Yeyo, yaishe," na yangeisha kweli, na kesho ungepanda basi la Singida bila kusikia nililotaka kusema.

Mambo ya kula vizuri, kusali, na kutomfungulia mlango mtu usiyemjua umeyasikia tangu darasa la kwanza. Siyarudii.

Nimekasirika. Nimekasirika tangu jana mchana, na kwa mwanamke mwenye miezi mitatu tu ya ndoa hiyo ni kazi ngumu, nakwambia. Nakaza uso, halafu nasikia nyundo ya Anaeli kule gereji ng'ambo ya barabara, nayatambua mapigo yake kati ya mafundi wote wa Sakina, na uso unalegea wenyewe. Asubuhi ameniletea mapera kwenye kofia yake. Mtu mzima wa miaka hamsini, kofia imejaa mapera, anasema, "Mke wangu, yule mwenye hasira amelala au ameamka?" Nikamwambia ameamka. Akaweka kofia mezani akaondoka kwa ncha za vidole, kama anayepita karibu na mbwa. Nilicheka, lakini hasira ilibaki palepale.

Unajua chanzo chake. Jana uliniachia lile andiko la mradi wenu ukasema, "Mama, nisomee, kama kuna kosa la Kiswahili weka alama." Nikasoma vizuri, na miwani. Kosa la Kiswahili sikuliona hata moja. Ukurasa wa kwanza nikakuta umeandika: "Wanawake wa vijiji hivi hawana uelewa kuhusu maji salama na wanashikilia mazoea potofu ya jikoni. Mradi utawaelimisha."

Nikakuuliza, "Umeshafika huko?"

"Bado, Yeyo. Si naenda kesho kutwa."

"Umeshakunywa maji yao?"

"Ni utangulizi tu. Ndivyo wanavyoandika wote. Bosi anautaka kabla hatujafika, Jumatatu unasomwa kwenye kikao."

"Na hayo mazoea potofu ni yapi?"

Ukacheka, ukaweka mkono mdomoni kama kawaida yako, ukasema, "Mama, umeanza kunifanyia usaili."

Nilitoka nje nikaanua nguo ambazo hazijakauka. Wewe ulidhani nimechoka. Haukuwa uchovu, mwanangu. Sentensi hiyo naijua. Niliiona ikiandikwa juu yangu mimi, na mkono wangu ulisaidia kuiandika. Sehemu hiyo ya mwisho hukuwahi kuisikia. Miaka yote hii nimekusimulia habari za mradi wa ndoo nikianzia katikati. Leo naanzia mwanzo.

Ulikuwa na mwaka mmoja na nusu, umeanza kukimbia kabla ya kutembea vizuri. Mradi wa kuchuja maji ulipofika Nduruma walitafuta mwanamke wa palepale aliyesoma, anayejua lugha yetu na Kiswahili cha ofisini. Nilikuwa peke yangu mwenye kidato cha nne upande ule wa mfereji. Wakanipa fulana, ubao wa kushikia karatasi na kalamu yenye kamba ya kuning'iniza shingoni. Sikuwahi kujiona mzuri kama siku ile. Nilitembea na ile kalamu ikinigonga kifuani, nikawa nasalimia watu ambao kila siku nilikuwa nawapita.

Kiongozi wao tulimwita Mtaalamu. Alikuwa Mtanzania kama sisi, mtu wa mjini, mpole, koti lake halikutoka mwilini hata saa nane mchana. Alitueleza kwamba maji yetu yana madini ya floraidi yanayotoka ardhini, huku chini ya Mlima Meru, na kwamba ndiyo yanayofanya meno ya watoto kuwa ya kahawia na mifupa ya wengine kupinda. Akaleta ndoo zenye kichujio ndani. Maji yanapita taratibu, yanatoka safi. Ilikuwa kazi nzuri, na sitamsingizia.

Kabla ya kugawa ndoo kulikuwa na fomu. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mama Saitoti, jirani yetu, na tulikaa nje kwenye vigoda. Mtaalamu anauliza kwa Kiswahili, mimi nauliza kwa lugha yetu, Mama Saitoti anajibu, mimi narudisha. Tukafika swali lililosema: mbali na maji, ni kitu gani mnatia kwenye chakula mara kwa mara?

Unalijua jibu. Jikoni kwa Mama Saitoti, nyuma ya mlango, palikuwa na kopo la majani ya chai lililojaa magadi. Si yale mawe ya dukani. Ni yale meupe tunayokwangua juu ya udongo wakati wa kiangazi. Jikoni kwangu palikuwa na kopo kama hilo. Kande bila magadi inakaa motoni kutwa nzima. Ukitia magadi inaiva mapema. Kwa mtu anayebeba kuni kichwani, hilo si zoea potofu. Ni shingo yake anaihurumia.

Mama Saitoti alianza kuinuka alilete lile kopo. Mkono wake ulishashika mlango. Nikamwambia kwa lugha yetu, "Kaa chini. Usimwonyeshe huyo mambo ya kula udongo, atatuona washenzi."

Akanitazama. "Si ameuliza?"

"Nitamjibu mimi."

Nikamgeukia Mtaalamu nikasema, "Chumvi na mafuta tu."

Akaandika.

Nyumba zilizofuata sikuuliza tena. Nikifika kwenye swali lile najaza mwenyewe, chumvi na mafuta, chumvi na mafuta, kwa mwandiko mzuri. Mtaalamu alinisifu kwamba nakwenda haraka.

Ukiuliza kwa nini, nitakwambia, lakini si kwamba najitetea. Shuleni nililala bweni moja na wasichana wa mjini. Siku niliyocheka kwa mara ya kwanza mmoja alisema, "Jamani, huyu kwao wanakula udongo, tazameni meno." Miaka minne nilicheka nimefunga mdomo. Kwa hiyo nilipopewa fulana na kalamu niliapa kwamba hakuna mtu wa koti atakayeona udongo jikoni kwetu. Niliona nawalinda. Kumbe niliilinda ile fulana, na wanawake wenzangu nikawafungia mdomo kama nilivyoufunga wangu.

Ndoo zikaja. Hakuna aliyeitumia kama mimi. Hukunywa tone la maji ambalo halikupita kwenye kichujio, hata uso ulinawa kwa maji hayo. Na kila jioni nilikupikia kande yako, laini, yenye magadi. Ulikuwa unaipenda ile ya ukoko.

Mtaalamu alirudi ukiwa na miaka minane. Walipanga watoto chini ya ukuta wa shule, akawa anapita anasema "cheka." Alipofika kwako ukacheka, maana hukujua kwamba kuna jambo la kuogopa. Meno yako mapya yalikuwa ya kahawia, yenye vishimo. Akaniita mbele ya kina mama wote.

"Mama Namnyaki, wewe si ndiye tuliyekutegemea? Hata wewe hukutumia ndoo?"

"Nilitumia."

"Kila siku?"

"Kila siku, Mtaalamu."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyezoea kudanganywa, akaandika. Nilikuwa nimesimama karibu, nikasoma: hawakutumia ipasavyo, uelewa mdogo. Akamwambia dereva wake huku anaingia garini, "Hawa hata uwape nini." Hakushusha sauti. Ungedhani ni yeye tu anayeelewa Kiswahili pale.

Wewe ulikuwa bado umesimama ukutani. Ukanitazama, ukamtazama, halafu taratibu ukapandisha mkono ukaziba mdomo. Ni mkono huohuo. Umesoma nao, umepiga nao picha ya mahafali, jana umecheka nao. Nimewahi kukwambia uliuanza ulipong'oka meno. Uongo. Uliuanza siku ile.

Nilimchukia yule mtu kwa miaka. Nilimchukia nikichota maji, nikimwagilia vitunguu, nilimchukia hata kanisani, Mungu anisamehe. Bado nina hasira naye ninapoandika. Alikuja kwetu mara mbili na hakuwahi kupita mlango wa jikoni. Alikuwa na jibu langu la fomu na alikuwa na meno yako mbele yake, viwili havipatani, akaona heri aamini karatasi. Angeuliza swali moja tu, "Sasa, mama, unadhani ni nini?" Labda ningesema. Sina hakika. Labda ningesema.

Kisha akaja Dada Vumilia. Huyu unamkumbuka, ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Alikuja na begi moja, akaomba kulala kwa Mama Saitoti, akakaa mwezi mzima na zaidi. Wanawake walimcheka. "Huyu mtafiti gani, hana hata fomu?" Mama Saitoti akasema, "Anatusumbua huyu, kutwa 'kwa nini, kwa nini,' kama mtoto wa miaka minne. Lakini ndizi anamenya." Alimenya ndizi, alibeba kuni mpaka shingo ikakataa kugeuka, tukamkanda na mafuta. Na jioni moja, akiwa anakoroga kande, akaona Mama Saitoti anachota kitu kwenye kopo la majani ya chai.

"Hiki nini, mama?"

"Magadi."

"Mnatia kila siku?"

"Kila tunapotaka kula leo na si kesho."

Hivyo tu. Akaomba kipande akaenda nacho mjini kupimwa. Aliporudi hakuitisha mkutano. Alikaa kwenye kigoda kilekile akatuambia kwamba floraidi iliyo kwenye yale magadi ni nyingi, kwamba tulikuwa tunaitoa kwenye maji halafu tunairudisha kwenye sufuria. Hakusema acheni. Aliuliza, "Mkiacha, kuni mtafanyaje?" Wakabishana siku tatu. Wakaja na habari ya kuloweka mahindi na maharage tangu jana yake, wakapima kwa moto, wakaona inafaa, na mpaka leo nyumba nyingi ndivyo zinavyopika. Wewe ulikuwa pembeni unasikiliza. Usiku ukaniuliza, "Yeyo, kumbe kuna kazi ya kukaa jikoni kwa watu na kuuliza kwa nini?" Nikasema sijui. Ukasema, "Mimi nitaifanya hiyo."

Kazi hiyo ikawa na jina, anthropolojia, nikajifunza kulitamka ili niwaringie watu sokoni.

Sasa sikiliza nisilowahi kukusimulia. Siku ile ya majibu ya magadi, kabla wewe hujafika, Dada Vumilia alikuwa na fomu za zamani kwenye begi. Akazitoa, akauliza kwa upole, "Kina mama, mbona hapa nyumba zote zimeandikwa chumvi na mafuta? Magadi hayakuwepo?"

Wote walijua ni nani aliyejaza. Mwandiko ulikuwa wangu. Mama Saitoti alikuwa amekaa na Saitoti wake, mtoto wa rika lako, miguu imeshapinda, anayetembea mpaka leo kama aliyebeba ndoo mbili zisizolingana uzito. Alinitazama kwa muda. Nilisubiri aseme. Nilitaka aseme.

Akamgeukia Vumilia. "Mwaka ule," akasema, "tulikuwa na Kwaresima ndefu sana. Magadi tulikuwa tumefunga."

Wanawake wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. Vumilia naye akacheka, akazirudisha fomu kwenye begi. Nami nikacheka, Namnyaki. Nilicheka. Mama yule mwenye mtoto wa miguu iliyopinda alinifichia aibu kwa mzaha, na mimi nikapokea, nikaenda nyumbani, na sijamwambia neno mpaka leo.

Kwa hiyo ukiandika "hawana uelewa," nataka ujue kwamba Mama Saitoti alikuwa na uelewa. Mkono wake ulikuwa mlangoni. Asiyekuwa nao alikuwa yule mwenye koti na yule mwenye kalamu shingoni. Na wewe sasa una kalamu, una kibali, una jina la chuo, na umeshawajazia watu fomu ukiwa umekaa Sakina unakula mapera. Ndicho kinachonichoma. Ungekuwa mtoto wa mtu mwingine ningeona ni ujinga wa kawaida. Lakini wewe una ushahidi kinywani mwako, na bado umeandika.

Hasira hii nusu yake ni yangu mwenyewe, najua. Naomba uibebe hiyo nusu nyingine bila kununa.

Utasema, Yeyo amengoja nini miaka yote. Nilikuwa naogopa. Nadhani nisingeandika hata leo kama si Anaeli, na hapa utanivumilia kidogo, maana nikimtaja sijui kufupisha. Unajua alikuja Nduruma kutengeneza mashine ya kusaga. Mafundi wawili walishaifungua na kuifunga. Yeye alifika, akaweka mfuko wa spana chini, akakaa juu yake. Akawauliza wanawake waliokuwa kwenye foleni, "Asubuhi inalia vipi? Na mkimwaga mahindi mabichi?" Wakamwigizia sauti, mmoja anakohoa, mwingine ananguruma, pale palikuwa kama banda la wanyama. Mimi nikacheka, kanga mdomoni. Akasema, "Mama mwenye kanga, ya kwako sikuisikia, rudia." Nikarudia bila kanga. Sijui ni nini kilinipata. Nikaona ameona meno, nikaivuta kanga tena. Akasema polepole, wengine wasisikie, "Meno nimeyaona tangu nafika. Nilikuwa nangoja kicheko."

Nina miaka arobaini na minne, mwanangu, nimezika mume na nimelima vitunguu peke yangu miaka tisa, na neno hilo lilinifanya nisahau unga mashineni. Nimeolewa na mtu anayeuliza kwanza na kushika spana baadaye. Akinisikiliza anazima hata redio. Wiki iliyopita nilimweleza habari ya kopo la magadi, mpaka mwisho. Hakusema pole, hakusema yamepita. Aliuliza, "Namnyaki anajua?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi." Akaenda kufunga gereji.

Ile sentensi usiifute ukaacha nafasi wazi; bosi wako ataijaza. Andika kwamba bado hujui wanawake wale wanapikaje na kwa nini, na kwamba unaomba kukaa jikoni kwao kabla ndoo hata moja haijashuka garini. Akisema muda hakuna, mwambie sisi tulipewa ndoo haraka. Akiuliza kwani fomu zina ubaya gani, mweleze habari za mama yako. Jina langu litumie lote, na la babu yangu uongeze.

Kesho tukishakusindikiza stendi, Anaeli atanipeleka moja kwa moja Nduruma, kwa Mama Saitoti, kabla sijapata muda wa kubadili mawazo. Sijui atanipokeaje. Labda atafanya mzaha tena. Safari hii sitacheka.

Lakini wewe ni wa kwanza, maana meno ni yako. Barua hii naiweka juu ya andiko lako, utaiona ukivua viatu. Nimepika kande, nimeiloweka tangu jana. Kama hutataka kukaa meza moja na mimi leo, nitaelewa, Anaeli atakuletea sahani chumbani na hatauliza kitu. Kama utakuja, njoo na maneno yako yote, hata yale ambayo mtoto hamwambii mzazi. Nitakaa. Ila ule mkono uuache chumbani. Nikasirikie, mwanangu, mdomo wazi.

Ni mimi,
Yeyo